Mshika Mizani Hanunui Kahawa

Jumatatu, 9 Septemba

Daftari hili limetoka kwenye rafu yangu mwenyewe. Panya amelitafuna pembe na hakuna mwanafunzi ambaye angelinunua, basi nitaliandika mimi mpaka vuli iishe. Huu ndio msimu ambao umeme hukatika kila mchana, nami hubaki nimekaa mbele ya mashine ya fotokopi iliyozimika, bila wa kusema naye.

Kwa atakayelisoma, hata kama ni yule panya: mimi ni Mackrine, mwenye steshenari karibu na stendi ya Kayanga. Napiga fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawaandikia barua watu wenye hasira, na tangu mwaka jana nauza majina. Si majina ya ubatizo. Umoja wetu wa wakulima na wafuga nyuki wa Karagwe na Kyerwa una jina lake kubwa kwenye mtandao, na kila kikundi kinaweza kuchukua jina dogo chini yake, kama chipukizi chini ya mgomba, kiweke ukurasa wake hapo na wanunuzi wa mbali wakione. Daftari kuu la majina yote linatunzwa na Elipidius, katika ofisi ya Umoja. Yeye hauzi. Kuuza ni kazi yetu sisi mawakala wanne, na kila mmoja anavuta wateja kwa mdomo wake. Wangu ni mkubwa.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua ya kwanza. Mbuzi wa Melkiory, dereva wa bodaboda, amekula tangazo langu la picha za pasipoti, na gundi yake.

Jumamosi, 14 Septemba

Barua kutoka kwa Mzee Nolasco, mwenyekiti wa Umoja. Kuanzia Jumatatu, Umoja nao utauza majina, kwenye dirisha lake lenyewe, palepale ofisini kwa Elipidius. Muuzaji ni Salvina, binti mchangamfu aliyekuwa akiuza duka la dawa.

Wakala mwenzangu Dastan, wa kule Mabira, amenipigia simu akilalamika mpaka salio likamwishia. Mimi nimemwambia biashara ni ushindani. Salvina na aje, atanikuta nimekaa.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nimepata mteja wa kukumbukwa. Amekuja Nikuze kutoka Mabira, bodaboda na gari, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Ni katibu wa kikundi cha kina mama wafuga nyuki. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa Dastan aliye jirani yake. Amesema Dastan husema sana na hasikilizi. Nilifurahi, ingawa mimi pia nilikuwa namkatiza katikati ya sentensi.

"Dada Mackrine, tunataka jina. Asali ya Kayitesi."

Kayitesi alikuwa mama yake. Alifika Mabira akiwa msichana, na wazazi waliokuwa vibarua kwenye vibanja vya watu, mashamba ya migomba na kahawa, na ndiye aliyewafundisha kina mama wale kuchonga mizinga na kurina bila kuua nyuki. Alifariki mwaka jana, mwezi wa pili. Nikuze alisema hayo yote akiangalia mashine ya fotokopi, si mimi.

Nikaandika jina kwenye ukurasa wa mawakala. Ukajibu: LIKO WAZI. Nikuze akapiga makofi mara moja, kisha akaona haya.

Sasa utaratibu ni kwamba kikundi hakipewi jina bila barua yenye saini za viongozi na muhuri wa kijiji. Barua hakuwa nayo. Nikamwambia arudi nayo Alhamisi. Tarehe 23 Novemba kuna maonyesho ya asali hapa Kayanga, wanunuzi wa nje watakuwepo, na kabla ya hapo lebo za chupa zichapwe zikiwa na jina hilo. Muda upo wa kutosha.

"Nenda kwa amani," nikamwambia. "Jina la mama yako liko mikononi mwangu."

Alhamisi, 26 Septemba

Nikuze amekuja na barua, muhuri umelowa kidogo lakini unasomeka. Nikaandika jina. LIMECHUKULIWA.

Nikaandika tena. Nikaandika polepole, herufi moja moja, kama vile mtandao ungenionea huruma. LIMECHUKULIWA.

"Nani amechukua jina la mama yangu?" akauliza Nikuze. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu.

Nilimpigia Elipidius, akasema daftari linaonyesha limechukuliwa jana kupitia dirisha. Nikuze akaondoka kwenda huko kwa miguu, na mvua inanyesha. Nimejiona mwongo mbele ya yatima.

Ijumaa, 27 Septemba

Nikuze amenipitia akirudi Mabira. Salvina alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwambia asiwe na wasiwasi: jina lipo, dirisha limeshalihifadhi, aweke tu saini. Ila kwa masharti ya dirisha, jina litabaki mali ya dirisha, na kikundi kitakuwa kinalitumia tu.

"Wao wanalo, dada, wewe huna," akasema. Sikuweza kumlaumu. Lakini ameona kwanza awaulize wenzake.

Jumanne, 1 Oktoba

Simu kutoka Mabira. Kina mama wamekataa. Wamesema Kayitesi alipanga vyumba vya watu maisha yake yote, hawawezi kumpangisha tena na jina lake. Watangoja mkutano mkuu wa Umoja, tarehe 9 Novemba. Mchapaji wa lebo naye amesema mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 12.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kikundi cha ndizi za kukausha. Asubuhi jina liko wazi, alasiri limechukuliwa. Mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Wakulima wa vanila. Vilevile. Mvua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mtu wa mananasi. Vilevile. Safari hii ameniambia, "Mama, wewe una mkosi," akaenda dirishani mbele ya macho yangu. Dastan naye amepoteza matatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani anayaona majina tunayouliza, kabla hata hayajaandikishwa? Mwenye daftari kuu peke yake. Elipidius, na ule upole wake wa kuinamisha kichwa! Nimemwona mwizi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani, padri aliposema tutakiane amani, Elipidius alinigeukia na mkono umenyooshwa. Nikampa amani mzee wa upande wa pili. Halafu nikawapa amani waliokuwa nyuma, safu nzima. Aliubakiza mkono hewani, kisha akaushusha. Najua ni dhambi. Nitaiungama, lakini si wiki hii.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, duka nimefunga. Nimekwenda Nyakasimbi kwa Shangazi Kokuhirwa. Nilimkuta barazani akichambua maharage. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, habari za mji, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo, ndipo nikamwaga yote.

Shangazi yangu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi kwa miaka kumi na tisa. Kila debe la kahawa ya Nyakasimbi lilipita mbele ya macho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sisi wengine wa ukoo huu hatukijui.

"Mimi nilikuwa siruhusiwi kununua kahawa," akasema. "Hata kisado. Hata ya kutafuna hii, nilikuwa nasubiri wageni waniletee. Na mume wangu alipoleta yake, nilikuwa nasimama pembeni, anapima karani mwingine."

"Walidhani ungeiba?"

"Ningeiba nini? Walinijua. Lakini mshika mizani anajua yote, mwanangu. Anajua nani ana kahawa nzuri, nani ana shida ya ada, nani ataleta kesho. Akianza kununua, hahitaji hata kugusa mawe ya mizani. Atawahi tu. Atakwenda kwa mwenye shida kabla ya wengine, atanunua kahawa ingali maua mtini." Akatema ganda la kahawa. "Hiyo yenu ni butura ya majina."

Huku kwetu butura kila mtu anaijua: mtu anainunua kahawa yako ikiwa bado mtini, kwa sababu amejua una haja, na siku ya kuvuna unabaki kuangalia. Nilikosa neno la jambo hili mwezi mzima, kumbe lilikuwa Nyakasimbi.

"Basi Elipidius ni mwizi wa butura," nikasema.

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Waitu, jamani! Umempima mtu kwa macho." Kisha akanipa mkungu wa ndizi nibebe, wa adhabu naona, maana ulikuwa mzito kuliko wa kawaida.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kabla ya kumuuliza nimetega mtego. Nimefikiri tangu asubuhi jina ambalo hakuna kikundi chochote duniani kingelitaka. Saa sita na robo mbuzi wa Melkiory akaingia dukani, akachukua bahasha, akatoka. Nikaandika kwenye ukurasa wa mawakala: mbuziwamelkiory. LIKO WAZI, bila shaka.

Saa tisa na dakika ishirini: LIMECHUKULIWA.

Nimecheka mpaka mteja wa picha ya pasipoti akacheka naye, na picha yake ikaharibika. Nimeziprinti kurasa zote mbili, na saa zake zinaonekana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwa Umoja nikiwa na karatasi zangu kwenye bahasha na maneno makali tayari kinywani. Sikuyatumia.

Kwanza sikuwahi kuiona ile ofisi tangu dirisha lifunguliwe. Ni vyumba viwili vyenye mlango katikati, na mlango hauna hata komeo. Cha ndani kina daftari kuu. Cha nje kina dirisha. Lakini kompyuta nzima ni moja, ya ndani, na Salvina huingia na kutoka kama mtu na jikoni kwake. Kwenye kioo orodha ilikuwa inapita yenyewe: kila jina ambalo wakala yeyote ameliuliza, saa na dakika.

Nikaweka karatasi mezani. "Nani kachukua jina la mbuzi?"

"Mimi, dada!" akasema Salvina, uso umechanua. "Nilidhani ni kikundi cha maziwa. Kila nikiona jina limeulizwa hapa, nalihifadhi kabla halijapotea. Mwezi huu nimevuka lengo. Mzee Nolasco amenisifu."

Hakuficha hata kidogo. Yule binti aliamini anachapa kazi, na kweli alikuwa anaichapa. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha ile haikuwa yake kuitazama.

Elipidius alikuwa amesimama akiangalia saa kwenye karatasi zangu. Rangi ilimtoka. Akafungua saraka ya meza, akanipa nakala ya barua aliyomwandikia Mzee Nolasco tarehe 15 Septemba, siku moja kabla ya dirisha kufunguliwa: kwamba mtunza daftari na muuzaji wasikae chumba kimoja, wala wasitumie mashine moja, kwa sababu muuzaji ataona maswali ya washindani wake. Haikujibiwa.

"Mbona hukutuambia mawakala?" nikamuuliza.

"Ningewaambia ninyi, ningekuwa nimechukua upande," akasema. "Mimi sitakiwi kuwa na upande. Ila sikujua kwamba anayachukua kutoka kwenye orodha hii. Nilipaswa kuangalia. Nisamehe."

Nilisimama pale na maneno yangu makali. Nikanyoosha mkono. "Amani," nikasema. Akacheka, akaupokea.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Barabara ya Mabira imekatika. Nikuze amepiga: "Dada, bado kuna matumaini?" Nimesema yapo. Nimejifunza kutosema liko mikononi mwangu.

Jumanne, 5 Novemba

Senene, wale panzi wa kuliwa, wameanza kuruka. Hakuna mtu aliyekuja dukani, mji mzima una mifuko mkononi. Nami nilifunga saa tisa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mkutano mkuu. Naandika kwa urefu kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kujiongezea sifa.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilipiga mabati hata kila msemaji alilazimika kupiga kelele, na hiyo ilinifaa. Nikuze alifika amechelewa, sketi ina matope mpaka magotini, akakaa mbele kabisa, barua ya kikundi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Mzee Nolasco alianza kwa kulisifu dirisha. Alisema jambo ambalo lina ukweli wake, na watu walitikisa vichwa: "Daftari ni la Umoja. Mwenye ng'ombe akikamua, jirani analalamika nini?"

Nikaomba nafasi. Nikaomba isomwe orodha ya majina ambayo dirisha limejihifadhia bila barua ya kikundi chochote. Elipidius akasoma, kwa sauti yake ileile ya upole, mvua nayo kama ilimpisha. Ndizi za kukausha. Vanila. Mananasi. Asali ya Kayitesi. Kila jina lilipotajwa, mtu mahali fulani aliguna. Thelathini na moja kwa jumla. La mwisho, akasita, akalisoma: "Mbuzi wa Melkiory."

Kisha Melkiory mwenyewe, dereva wa bodaboda, ambaye alikuja mkutanoni kwa sababu alimleta mtu, akasimama nyuma. "Mbuzi wangu? Amejiunga lini na Umoja?"

Ukumbi ukapasuka. Mzee Nolasco aligonga meza, lakini naye mabega yalikuwa yanamtikisika.

Walipotulia nikaeleza mtego wangu, saa sita na robo, saa tisa na dakika ishirini. Hapo ndipo Shangazi Kokuhirwa aliposimama, na kitenge chake cha mkutano. Hakuna mtu wa Nyakasimbi mwenye zaidi ya miaka arobaini pale ukumbini ambaye hakuwahi kumletea kahawa yake.

"Nolasco," akasema, "kahawa yako nimeipima miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Niliwahi kuinunua?"

"Hapana, mama."

"Ningeweza?"

Mzee Nolasco akafikiri. Ni mtu mzima na si mjinga. "Ungeinunua yote," akasema. "Ulijua mimi nina shida lini kabla ya mke wangu kujua."

"Basi. Ng'ombe umesema ni wa nani? Ni wetu sote. Anayemshika pembe asiwe ndiye anayekamua, maziwa yatapotea na hatutajua yameenda wapi." Akakaa. Akasimama tena. "Na binti msimfukuze. Mlimweka wenyewe kwenye mizani mkamwambia anunue."

Salvina alikuwa analia kwa aibu. Nikuze alitoka kwenye kiti chake, akaenda akakaa karibu naye. Sikulitegemea hilo. Mimi katika nafasi ya Nikuze ningekuwa bado namkodolea macho.

Hata hivyo ubishi ulichukua saa nzima. Wengine walitaka dirisha libaki ila Salvina aapishwe. Elipidius akasema, na ndiyo mara pekee nimemsikia akipaza sauti: "Msiniapishe mimi wala yeye. Jengeni ukuta." Wakapiga kura kwa mikono. Imepita: anayetunza daftari hauzi, anayeuza haoni daftari, maswali ya wakala yanaonekana na wakala huyohuyo tu, na majina yaliyohifadhiwa bila barua yaachiwe Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa mawakala wote kwa dakika ileile.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa mbili kasoro kumi umeme ukakatika.

Nikuze alikuwa amelala kwangu tangu Jumamosi. Alinitazama, nikamtazama, kisha nikachomoa simu yangu, ina asilimia kumi na moja ya chaji. Saa mbili kamili nikaandika jina. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Nikuze alikuwa amenishika mkono kwa nguvu na hakujua.

LIKO WAZI. Barua, nikaipiga picha. Tuma. Saa mbili na dakika nne: Asali ya Kayitesi, mmiliki, Kikundi cha Wafuga Nyuki Mabira.

Hakupiga makofi safari hii. Alilisoma jina kwa sauti, akalisoma tena, akasema, "Mama, umepata kibanja chako." Tukalia sote wawili kama wajinga, na mteja wa fotokopi akatuuliza nani amefariki.

Jumatano, 13 Novemba

Mafundi wanaziba mlango wa ofisi kwa tofali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa mlango kabisa, ndio maana umekula mifuko miwili ya saruji. Elipidius anawapelekea mafundi chai. Lebo ziliwahi.

Jumamosi, 23 Novemba

Maonyesho. Chupa za asali zenye jina la Kayitesi zilipangwa safu tatu, na saa saba zikabaki mbili. Mnunuzi mmoja alifungua ukurasa wao kwenye simu mbele ya Nikuze, na Nikuze akamwonyesha picha: "Huyo ndiye mwenyewe."

Jumatatu, 2 Desemba

Salvina amefungua duka lake, ng'ambo ya barabara, mkabala na langu! Amesajiliwa kuwa wakala wa tano, kwa masharti yaleyale kama sisi. Ameweka mwavuli mkubwa, benchi refu, na kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa kila anayekaa. Amekuja kunisalimia kwa heshima zote. Nimemkaribisha, maana mimi ndiye niliyesema biashara ni ushindani, na imeandikwa humu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua zinakata. Leo Shangazi Kokuhirwa ameshuka stendi akitokea Nyakasimbi. Nilimwona kwa mbali, nikafuta meza, nikaandaa shikamoo. Ameamua naye kuuza kahawa yake ya kutafuna, sasa kwa vile hashiki mizani tena, na anataka jina.

Akavuka barabara. Akaenda kwa Salvina.

Nilisimama mlangoni nikiwa na kitambaa cha kufutia mkononi. Alikaa kwenye benchi, akatafuna kahawa, akacheka, akaweka saini, na dakika ishirini baadaye akaja kwangu.

"Shangazi, hata wewe?"

"Mwanangu, nina miaka sabini na minne. Kwako nasimama. Na unanikatiza."

Nilitaka kujibu, nikanyamaza, ili asije akasema nimemkatiza. Akaniaga, akaenda kutafuta gari.

Nimepekua kurasa hizi zote nikitafuta mahali ambapo Salvina ameniibia safari hii. Sijapata. Hakuliona jina mahali popote mpaka Shangazi alipolitamka mwenyewe, akiwa amekaa. Nimeshindwa na benchi.

Kesho ni Jumapili, fundi seremala hafanyi kazi. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, na benchi langu litakuwa na mahali pa kuegemea mgongo.